Paka wa Mkunga

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza ya maana. Imeanza alfajiri, ikapiga mpaka karibu na adhuhuri, kisha jua likatoka kama halijui kilichotokea. Nimesia vitunguu matuta mawili, kabichi moja, nyanya moja. Udongo nimeuchekecha mwenyewe mpaka umekuwa laini kama unga. Wifi amekuja na kikombe chake cha chai, akautazama, akasema, "Hapa hata mimi ningelala."

Jumatano, 5 Machi

Hakuna aliyelala. Kuna aliyejisaidia. Katikati ya tuta la vitunguu limechimbwa shimo na kufukiwa kwa adabu zote, lakini harufu haifukiki. Paka.

Jumamosi, 8 Machi

Kila asubuhi shimo jipya. Nimeweka maganda ya machungwa kwa sababu muuza duka aliniambia paka hawayapendi. Huyu amejisaidia juu ya ganda. Leo nimenyunyiza pilipili ya unga kuzunguka matuta yote, nikiwa nimeinama, na upepo ukageuka. Wifi ndiye aliyenishika mkono kunipeleka kwenye maji, anacheka mpaka anashindwa kumimina.

"Paka yuko wapi?" nilimuuliza, macho nimeyafumba.

"Yuko ukutani, anakutazama. Nadhani anakuonea huruma."

Wifi ni dada wa marehemu mume wangu. Tulibaki wawili katika nyumba hii na hatujawahi kugombana zaidi ya nusu siku. Mtaani naitwa Mama Miche, na miche ndiyo inayotulisha.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwona kwa macho yangu. Ni Karani, paka wa jirani. Mweusi, kifua cheupe kama aliyevaa shati la kazini. Alipewa jina hilo kwa sababu zamani alikuwa akipanda juu ya meza ya Fundi Saa, akakalia karatasi zake na kutazama wateja kana kwamba ndiye anayeandika risiti. Nilimkuta anatembea kati ya vitunguu, mkia juu.

Nilimwita Mkunga ukutani. Alitoka na shuka mbichi begani. Mkunga ndiye mke wa Fundi Saa. Nusu ya watoto wa mtaa huu walipita mikononi mwake, binti yangu akiwemo.

"Jirani, paka wako ananimalizia miche."

"Pole, mwenzangu. Nitamwekea mchanga kwenye ndoo, hapo mlangoni. Ni mambo tu yamenizidi."

"Mzee anaendeleaje?"

"Yupo."

Nilisema "haya," tukaachana. Zamani nilikuwa naingia kwao bila kubisha. Tangu Fundi Saa apigwe na kiharusi mwaka jana nimeenda mara moja, nikakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, nikaaga kabla kiti hakijapata joto. Hujiambia kwamba mgonjwa anahitaji kupumzika.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Shimo kwenye nyanya. Wifi anasema, "Umejuaje ni Karani? Paka wa mtaa huu ni wengi, na hakuna anayeacha kitambulisho." Nimemwambia nimemwona. "Ulimwona anatembea," akasema. Huyu naye ana mdomo.

Jumatatu, 17 Machi

Siku ya kunizika.

Mwalimu Mkuu wa ile shule ya kilimani alikuja kuiona kabichi aliyoagiza kwa ajili ya shamba la shule. Amevaa viatu vinavyong'aa, amekuja na mwalimu mwenzake, mimi natembea mbele nikieleza kama mwenye shamba la maili mia. Nikawaambia, "Karibuni kabisa, sogeeni muone majani." Akasogea. Kiatu kikazama kwenye udongo laini, na kilipotoka hakikutoka peke yake.

Aliutazama mguu, akanitazama mimi. Mwenzake aligeukia upande wa ukuta, mabega yanatikisika. Nilileta maji, nikaleta kitambaa, nikapiga magoti kumfuta kiatu mwenyewe, na harufu ikazidi kusambaa. Ndipo nikaona kwamba nusu ya tuta lote lilikuwa limefukuliwa, miche imelala mizizi juu.

"Usijali, mama," alisema. "Tutatafuta kwingine."

Wifi amepika, sikuweza kula.

Jumanne, 18 Machi

Sitaki kuandika ya leo. Naandika.

Bombani asubuhi wanawake walikuwa wameshapata habari ya kiatu. Mmoja akauliza kwa kicheko kama kweli Mwalimu Mkuu aliondoka anachechemea. Nilikuwa nimeamka na hasira, nikatafuta pa kuitua. Nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma ya foleni: "Mtu kama anashindwa kumsafisha mume wake, paka atamsafisha saa ngapi? Nyumba yenyewe inanuka mpaka barabarani."

Hakuna aliyecheka. Niligeuka. Mkunga alikuwa nyuma yangu na ndoo zake mbili.

"Samahani," alisema, "naomba nipite."

Akatega ndoo ya kwanza. Kwa vile presha ilikuwa ndogo, maji yalitoka kama uzi. Tulisimama wote pale tukiusikiliza uzi ule mpaka ndoo zote mbili zikajaa. Hakunitazama. Alizibeba akaenda, mgongo wake umenyooka, na hata tone halikumwagika.

Nilipaswa kumfuata. Miguu ilikuwepo, njia ilikuwepo. Nilibaki pale nikajifanya nasuuza ndoo iliyo safi.

Alhamisi, 20 Machi

Aibu ikikosa pa kwenda hugeuka hasira. Kwa Mkunga sikuwa na pa kuipeleka, nikaipeleka kwa paka.

Alikuja asubuhi, akakaa ukutani. Nilimwita kwa mabaki ya samaki. Hakuogopa, kwa nini aniogope? Ananifahamu tangu akiwa mdogo wa kutosha kiganjani. Alikula mkononi mwangu, akajisugua kwenye kifundo cha mguu wangu, nami nikamtia kwenye kapu na kufunga mfuniko kwa kamba.

Nilikuwa na miche ya nyanya ya kupeleka kwa mkulima mmoja ng'ambo ya daraja. Nilipanda pikipiki, boksi la miche mapajani, kapu ubavuni. Dereva akauliza, "Kuku huyo?" Nikasema kuku. Kapu likalia *nyau*. Dereva akasema, "Kuku wa kisasa," akacheka njia nzima. Nami nilicheka. Hilo nalo liandikwe.

Nilimwachia nyuma ya mashine ya kusaga. Nilijipa moyo kwamba penye nafaka pana panya, hatakufa njaa. Nilidhani atakimbia. Hakukimbia. Alikaa chini akatazama huku na huku, na nilipoanza kuondoka akanifuata hatua chache, kama mtu anayedhani tumekuja pamoja na tutarudi pamoja. Nikapiga mguu chini. Akasimama.

Ijumaa, 21 Machi

Matuta safi.

Jumamosi, 22 Machi

Matuta safi. Nimesia kabichi upya. Wifi ameuliza kapu linafanya nini juani. Nimesema nalianika.

Jumatatu, 24 Machi

Tangu juzi namsikia Mkunga akiita uani kwake. Leo alikuja mpaka getini. Nilijua ni yeye kwa namna anavyobisha, taratibu, kama anayegonga mlango wa chumba cha aliyejifungua.

"Sikuja kwa yale ya bombani," alisema kabla sijafungua mdomo. "Nimekuja kukuuliza kama umemwona Karani."

Nikasema, "Sijamwona."

Ulimi wangu ulisema hivyo bila hata kujikwaa.

"Kama una nafasi nisaidie kutafuta ndani. Mgongo wangu hauinami siku hizi. Labda amejifungia mahali."

Nikaenda. Niseme nini? Nikaingia nyumba ambayo nilikuwa nimetangaza kwamba inanuka. Hainuki. Inanuka sabuni na dawa ya kuchua. Shuka zimekunjwa zimepangwa, saa za ukutani zimepanguswa, ingawa kila moja inasema lake. Na mimi, huku nikijua paka yuko wapi, niliinama nikachungulia chini ya vitanda. Nilifungua kabati. Niliita, "Karani, Karani," kwa sauti tamu.

Kutoka chumba cha uani ikanijibu sauti nyingine. "Ka-ra-ni."

Fundi Saa alikuwa amekalishwa kwenye kiti dirishani, blanketi magotini. Mkono wa kulia umelala kama si wake. Wa kushoto ulikuwa unapapasa juu ya blanketi, mahali palipo patupu.

"Ni neno lake hilo," Mkunga aliniambia mlangoni, kwa sauti ya chini. "Tangu augue hana jingine. Jina langu hawezi, la mwanawe hawezi. Lakini asubuhi moja paka alichelewa kuja, akamwita, tena vizuri kabisa. Nililia siku hiyo. Basi kila asubuhi anaita, paka anaruka mapajani, naye anacheka. Sasa anaita, halafu ananyamaza kusikiliza."

"Atarudi," nikasema. "Paka huzurura."

Akanishika mkono akanishukuru kwa kuja.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Kutoka kitaluni kwangu, ukijua cha kusikiliza, Fundi Saa anasikika akiita. Mwaka mzima sikuwahi kumsikia.

Alhamisi, 27 Machi

Shimo kwenye tuta la kabichi. Kinyesi kibichi. Nimesimama juu yake muda mrefu, keni ya kumwagilia mkononi, mpaka maji yote yakaisha kwenye miguu yangu mwenyewe.

Ijumaa, 28 Machi

Nimemwona mwenyewe. Paka wa rangi ya tangawizi, mnene, sijui wa nani. Alichimba, akajisaidia, akafukia, akaondoka bila haraka. Sikumfukuza.

Jumapili, 30 Machi

Wifi aliniwekea chakula, akakaa upande wa pili wa meza bila kula.

"Kwenye kapu kuna manyoya meusi," alisema.

Nikaweka kijiko chini.

"Nimeyaona tangu siku ile ulipolianika. Nikasema nimpe muda, atasema mwenyewe. Jumatatu nikaona unatoka kwa Mkunga, nikasema sasa amekwenda kusema. Kumbe ulikwenda kutafuta!"

"Aliniomba."

"Shemeji yako, yaani marehemu kaka yangu, Mungu amrehemu..." Hasira ikamchanganya mpaka akakosea, na siku nyingine tungecheka. "Mume wako! Mume wako alipougua, nani alikuwa anakuja kumgeuza kitandani ili wewe upate usingizi?"

Alikuwa Mkunga. Kila jioni, baada ya kazi, bila kuitwa. Na mimi nimekaa kwenye kiti cha mlangoni mara moja.

"Nitamrudisha," nikasema.

"Kula kwanza," alisema Wifi.

Jumatano, 2 Aprili

Barabara ilikuwa tope tupu, nimechelewa kufika. Mwenye mashine ya kusaga ni mtu mweupe kwa unga mpaka kwenye kope, na kwa ile kelele ya mashine ilinibidi nipige yowe.

"Natafuta paka! Mweusi! Kifua cheupe!"

Akazima mashine. Watu wote wenye magunia wakanigeukia.

"Yule mwenye shati? Alikuwepo. Paka wa watu yule, anaonekana. Alikuwa hataki panya, anataka kukaa magotini mwa mtu. Nikamwambia hapa si sebuleni." Akajipangusa. "Mvua kubwa ilipopiga akaondoka. Alielekea mtoni. Ni wako?"

"Wa jirani yangu."

"Amefikaje huku kote?"

Watu wenye magunia wananitazama. Nikasema sijui.

Nilifuata njia ya mtoni. Maji yamepanda, yamefunika mawe ya kuvukia, rangi ya chai ya maziwa. Nikaita. Mwanzoni kwa aibu, kisha kwa sauti yote, mtu mzima mwenye kapu tupu, nimelowa, nalia jina la paka kwenye vichaka. Mwanamke mmoja aliyekuwa akilima akaniambia nirudi nyumbani, nitapata homa.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimerudi tena mtoni. Hakuna.

Jumatatu, 7 Aprili

Hakuna. Mwenye mashine ameahidi akimwona atamfungia. Alivyonitazama, nadhani amejua.

Jumatano, 9 Aprili

Nimesema.

Nilimkuta Mkunga uani anakunja shuka. Nikashika ncha mbili, yeye ana mbili, tukakunja kama tulivyokuwa tukifanya zamani. Nikaona nikisubiri shuka ziishe sitasema, kwa hiyo nikasema shuka ikiwa katikati yetu.

"Karani nilimchukua mimi. Nilimtia kwenye kapu, nikamwacha kwenye mashine ya kusaga ng'ambo ya daraja. Nimekwenda kumtafuta, hayupo."

Hakuachia shuka.

"Siku ile nilipokuja kukuuliza," alisema, "ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ukaja ukainama chini ya vitanda vyangu."

"Niliinama."

"Ukamwita."

"Nilimwita."

"Nami nikakushukuru." Hakuwa na hasira usoni, na ningependa angekuwa nayo. Alikuwa kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo. "Yale ya bombani niliyameza. Nilisema, ni hasira ya miche, mtu akiharibiwa kazi huropoka. Hili nitalimezaje? Mdomo wa kulimezea ni upi?"

Nikaanza kusema nisamehe. Akainua mkono.

"Usiniombe mimi sasa. Nitakujibu vibaya, na umri wangu si wa kujibu vibaya tena. Yule pale ndani ndiye aliyechukuliwa kitu chake. Kesho uje umwambie yeye."

"Ataelewa?"

Hapo ndipo alipokasirika. "Ameugua mdomo! Hakuugua akili! Ndiyo mnavyodhani nyote, mnaongea juu ya kichwa chake kama kabati. Ungekuwa unakuja ungejua."

Alhamisi, 10 Aprili

Nimekwenda. Nimekaa, si kwenye kiti cha mlangoni. Mkunga alisimama nyuma yangu.

Nilimwamkia Fundi Saa, nikamwambia kila kitu, tangu maganda ya machungwa. Sijui kwa nini nilianzia huko. Nilimwambia habari ya kiatu cha Mwalimu Mkuu, na nadhani jicho lake lilicheka kidogo. Kisha nikamwambia habari ya samaki na kapu. Nikasema, "Nilimwiba, Mzee. Hakupotea. Niliiba mimi, na nimeshindwa kumpata."

Alinitazama kwa muda mrefu. Mkono wa kushoto uliokuwa ukipapasa ukatulia. Akageuza uso dirishani.

Jumamosi, 12 Aprili

Fundi Saa haiti tena. Wala asubuhi wala jioni. Mkunga ameniambia juu ya ukuta, kwa maneno machache kama anayetoa taarifa: "Tangu umwambie hajasema kitu."

Neno moja alilokuwa nalo nimelichukua pia.

Jumanne, 15 Aprili

Wifi ametoa stoo wavu wa kuku uliokuwa umekunjwa nyuma ya magunia. Tumeulaza juu ya matuta, tukabana kwa mawe. Kazi ya nusu saa. Wavu ulikuwepo siku zote.

Jumatatu, 21 Aprili

Nilibisha kwa Mkunga nikasema nimekuja kumgeuza Mzee, yeye apumzishe mgongo. Alisimama mlangoni akizuia njia. Nikadhani atanifukuza.

"Nawa mikono," akasema.

Alinionyesha: mkono huu chini ya bega, huu nyonga, mvute kuelekea kwako, usimsukume. Nilimgeuza vibaya, akaguna. Mara ya pili vizuri kidogo. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Hakunitazama hata mara moja.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimekwenda. Yuko kimya.

Jumatano, 30 Aprili

Naenda kila asubuhi baada ya kumwagilia. Mkunga sasa hulala kidogo nikiwepo. Hatuongei sana. Jana aliniachia chai mezani bila kusema ni yangu, nami sikuinywa mpaka aliporudi na kuuliza kama nasubiri nibembelezwe.

Bombani wanajua. Nilisema mwenyewe, mahali palepale, kwa sauti ileile. Wengine sasa wananiachia nafasi kubwa kwenye foleni, kubwa kuliko ninavyohitaji.

Jumanne, 6 Mei

Mvua inapungua. Mwalimu Mkuu amemtuma mtu kuuliza kama kuna kabichi. Nimemjibu ipo, na aje na viatu vyovyote.

Nimepita tena kwenye mashine ya kusaga. Hakuna.

Jumapili, 11 Mei

Asubuhi jua, ardhi inatoa mvuke. Nimenawa, nimeingia chumbani kwa Fundi Saa kama kawaida, nikasema, "Shikamoo, Mzee." Kama kawaida sikutegemea jibu, nikainama kushika bega.

Midomo yake ilikuwa inahangaika. Nikadhani anataka maji. Akanikazia macho, mshipa wa shingo ukamsimama, na neno likatoka moja kwa moja, zima, halina ufa:

"Mwizi."

Nikabaki nimeshika bega lake.

"Mwizi," akarudia, kwa nguvu zaidi, na mkono wa kushoto ukanyooka kunionyesha, ili pasiwe na shaka.

Mkunga alikuja mbio na unga mikononi. "Amesema nini? Umesema nini, baba?"

"Mwizi!"

Mkunga alishika fremu ya mlango. Alianza kucheka, akashuka taratibu mpaka akakaa sakafuni, unga kwenye gauni, anacheka na machozi yanamtiririka. Fundi Saa alipoona vile naye akacheka, upande mmoja wa uso, sauti ya kukwaruza. Mimi sikucheka. Uso ulikuwa unaniwaka, na nilitaka kutoka. Nikamgeuza kwanza, taratibu, nikimvuta kuelekea kwangu kama nilivyofundishwa.

"Nimwambie asiseme?" Mkunga aliniuliza baadaye, akijifuta macho.

"Mwache aseme," nikajibu.

Jumamosi, 17 Mei

Vitunguu vimeuzwa vyote. Mvua hakuna.

Siku hizi Fundi Saa haningoji niingie. Akinisikia namwagilia huku kwangu ananiita dirishani, na sauti yake imepata nguvu, inavuka ukuta mpaka barabarani. Leo mteja mgeni alikuwa anachagua miche ya nyanya, akashtuka akasimama.

"Mwizi! Mwizi!"

"Mama, kuna mwizi!" akasema, akishika mkoba wake.

"Ni mimi," nikamwambia. Nikaweka keni chini, nikajibu kwa sauti ya kufika dirishani, "Abee, Mzee! Nakuja."